Je, Ufunuo Unaoendelea Unapatana na Mafundisho Yanayobadilika? Jibu kwa Msomaji Anayejifunza na Wamormoni

SWALI: Kwa muda sasa najifunza na wamisionari wa Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho, ambao wengi tunawaita Wamormoni. Wananiambia kwamba Mungu habadiliki, na papo hapo wananiambia kwamba bado anasema kupitia nabii aliye hai. Nimesoma kwamba zamani waliruhusu wake wengi na baadaye wakakataza, na kwamba hadi mwaka 1978 mwanamume mweusi hakupewa ukuhani. Je, ufunuo unaoendelea unapatana kweli na mafundisho yanayobadilika, au ni njia ya kuhalalisha mabadiliko yaliyokwisha kutokea? Na kama yalibadilika jana, nitajuaje kwamba ninayofundishwa leo yatadumu?

JIBU: Ndugu msomaji, vinapatana, ila kupatana huko kuna gharama, na gharama yenyewe haiko pale ambapo wengi huitafuta. Watu wengi hudhani kwamba kinachoingia hatarini ni fundisho la Mungu asiyebadilika. Mimi naona kwamba hilo linaweza kutetewa bila shida kubwa, na kwamba kinachopungua ni uhakika ambao muumini anaweza kuuweka juu ya neno la nabii wa wakati wake. Naandika kama mtu wa historia ya dini, si kama mhubiri wa upande wowote, na nitajaribu kuonyesha kwa nini nimefikia hapo.

Tuanze na maandiko yao wenyewe. Kitabu cha Mormoni, kilichochapishwa mwaka 1830, kinasema waziwazi, katika sura ya tisa ya Mormoni na sura ya nane ya Moroni, kwamba Mungu ni yule yule jana, leo na milele, na kwamba hana kigeugeu wala upendeleo. Lakini katika Mafundisho na Maagano, kitabu chao kinachokusanya mafunuo ya Joseph Smith na waliomfuata, sehemu ya 56, ambayo ni ufunuo wa Juni 1831, Bwana anasema kwamba yeye huamuru na hutangua kama aonavyo kuwa vyema. Wakati huo kanisa lilikuwa limetimiza mwaka mmoja na miezi michache tu tangu lilipoanzishwa na Joseph Smith katika jimbo la New York. Kwa hiyo wazo la amri kutanguliwa halikubuniwa na viongozi wa baadaye waliojikuta wamebanwa. Limo katika tabaka la kwanza kabisa la imani hiyo. Makala ya Imani ya tisa, mojawapo ya kauli fupi za imani yao, iliyoandikwa mwaka 1842, inalitia wazo hilo katika kanuni: waumini husadiki yote ambayo Mungu amekwisha kuyafunua, anayoyafunua sasa, na mengi makuu ambayo bado atayafunua.

Msomaji aliyekulia karibu na madrasa atakumbuka mjadala wa wanazuoni wa Kiislamu kuhusu nasikhi na mansukhi, yaani aya iliyotangua na iliyotanguliwa. Mfanano upo, lakini tofauti ndiyo inayotufaa zaidi. Katika Uislamu jambo hilo lilimalizika Mtume alipofariki mwaka 632, na kazi iliyobaki ikawa ni kufasiri yaliyokwisha kuteremshwa. Katika Umormoni mlango uliachwa wazi kwa makusudi, na matokeo yake ni kwamba hakuna tamko, hata likiwa zito kiasi gani, ambalo mtu anaweza kusema kwa kanuni kwamba haliwezi kufuatwa na jingine.

Hadi hapo hakuna mgongano. Mungu mwenye tabia isiyobadilika anaweza kuwapa watu wa nyakati tofauti amri tofauti, kama Wakristo wote wanavyokubali kuhusu tohara na vyakula najisi. Ugumu unaanza tunapouliza ni kitu gani hasa kilichobadilika katika kila tukio, kwa sababu kubadilisha amri, kuongeza maarifa, na kukana kwamba jambo la zamani liliwahi kutoka kwa Mungu ni mambo matatu tofauti, na mara nyingi huchanganywa katika mazungumzo.

Ndoa ya wake wengi ni mfano wa kwanza, na kwa mantiki ndio mwepesi kuliko inavyodhaniwa. Ufunuo wake, ambao sasa ni sehemu ya 132 ya Mafundisho na Maagano, uliandikwa Julai 1843 na ukatangazwa hadharani mwaka 1852 huko Salt Lake City. Serikali ya Marekani ikaupiga vita kwa sheria za mwaka 1882 na 1887, ambazo ziliwanyima waliooa wake wengi haki ya kupiga kura, zikalivunja kanisa kama taasisi ya kisheria na kuruhusu mali zake zitwaliwe. Mahakama Kuu ya nchi hiyo ikaithibitisha sheria ya pili mwezi Mei 1890. Mwezi Septemba mwaka huo Rais wa kanisa, yaani nabii wao wa wakati huo, Wilford Woodruff, akatoa tamko la kusitisha ndoa hizo, na tarehe 6 Oktoba waumini wakaliidhinisha katika mkutano mkuu. Mtu mwenye shaka husema: ufunuo ulikuja serikali ilipokaza kamba. Ni kweli, lakini hiyo ni hoja kuhusu chanzo cha tamko, haihusu kupatana kwake na yaliyotangulia. Kitabu cha Mormoni chenyewe, katika sura ya pili ya Yakobo, kinaweka mke mmoja kuwa kawaida na kuacha nafasi ya Mungu kuamuru vinginevyo. Nayo sehemu ya 124 ya Mafundisho na Maagano, ya mwaka 1841, inasema kwamba maadui wakiwazuia watu kutimiza amri, Bwana haidai tena mikononi mwao. Aidha, karibu kila ufunuo katika kitabu hicho ulikuja kujibu tatizo lililokuwa mezani, kwa hiyo kuwapo kwa shinikizo peke yake hakuthibitishi chochote.

Kinachosumbua zaidi katika tukio hilo ni mambo mawili yanayotajwa kwa nadra. Kwanza, ndoa mpya za namna hiyo ziliendelea chini kwa chini kwa miaka kadhaa, hata Joseph F. Smith, Rais wa wakati huo ambaye si yule mwanzilishi, akalazimika kutoa tamko la pili mwezi Aprili 1904. Pili, sehemu ya 132 bado imo katika maandiko, na mjane wa kiume anayeoa tena anaweza kuunganishwa hekaluni kwa milele na mke wa pili bila muungano wa kwanza kufutwa. Desturi iliondolewa duniani, lakini fundisho lililoibeba halikutanguliwa. Anayesema kwamba Wamormoni walibadilisha fundisho la ndoa mwaka 1890 anasema zaidi ya kilichotokea.

Suala la ukuhani ni zito zaidi, na kwa msomaji wa Afrika ndilo linalostahili kukaliwa. Mwaka 1836, Joseph Smith akiwa hai, mwanamume mweusi aitwaye Elijah Able alitawazwa katika ukuhani, ambao katika kanisa hilo hupewa wanaume waumini wa kawaida. Mwaka 1852, huko Utah, Brigham Young, aliyemfuata Joseph Smith kama Rais, alitangaza kwamba wanaume wenye asili ya Kiafrika hawawezi kuupokea, na zuio hilo likawagusa pia wanawake, kwa kuwa liliwafungia watu weusi wa jinsia zote ibada za juu za hekaluni. Sababu zilizotolewa zilikuwa za kukopa na za kubuni: laana ya Kaini, laana ya Hamu, na baadaye nadharia kwamba roho za watu weusi hazikuwa shujaa vya kutosha katika maisha ya kabla ya kuzaliwa. Mwaka 1949 Urais wa Kwanza, ambao ni baraza la juu kabisa la kanisa, ulitoa tamko lililosema kwamba jambo hilo si suala la sera bali ni amri ya moja kwa moja kutoka kwa Bwana. Naomba msomaji ayashike maneno hayo, kwa sababu nitayarudia.

Mwaka 1973 mwanahistoria Lester Bush, ambaye alikuwa muumini, alichapisha utafiti mrefu ulioonyesha kwamba hakuna kumbukumbu ya ufunuo wowote ulioanzisha zuio hilo. Wakati huohuo vikundi vya Wanigeria na Waghana vilikuwa vimekwisha kujikusanya kwa jina la kanisa hilo bila kuwa na mmisionari wala ukuhani, na huko Brazil, ambako damu zimechanganyika mno, hekalu la São Paulo lilikuwa linajengwa huku ikiwa vigumu kusema nani angeruhusiwa kuingia. Tarehe 1 Juni 1978 Rais Spencer W. Kimball na mitume waliomba pamoja katika hekalu la Salt Lake wakapata, kwa ushuhuda wao, jibu waliloliita ufunuo. Lilitangazwa tarehe 9 Juni na kuidhinishwa na waumini tarehe 30 Septemba. Mwezi Agosti mtume Bruce R. McConkie, aliyekuwa ameandika mengi kutetea zuio, aliwaambia wasikilizaji wake wasahau yote ambayo yeye, Brigham Young au mwingine yeyote aliyasema kinyume na ufunuo mpya, kwa kuwa walisema wakiwa na ufahamu mdogo.

Kama mambo yangeishia hapo, tukio la 1978 lingefanana na lile la 1890: Mungu alizuia, kisha akafungua. Tamko lenyewe linasomeka hivyo, maana linasema siku iliyoahidiwa kwa muda mrefu imefika. Lakini mwaka 2013 kanisa lilikwenda mbali zaidi. Dibaji mpya iliyowekwa kwenye tamko hilo katika maandiko inakubali kwamba watu weusi kadhaa walitawazwa wakati wa Joseph Smith, na inasema kwamba kumbukumbu za kanisa hazitoi mwanga ulio wazi kuhusu chanzo cha zuio. Na makala rasmi iliyotolewa Desemba mwaka huohuo inazikana nadharia zote za zamani zilizoeleza kwamba weusi wa ngozi ni laana au alama ya matendo ya kabla ya kuzaliwa. Tukilinganisha, mwaka 1949 viongozi walisema chanzo ni amri ya moja kwa moja ya Bwana, na mwaka 2013 warithi wao wakasema chanzo hakiko wazi. Ufunuo wa 1978 haupingani na tamko la 1949. Maelezo ya 2013 ndiyo yanayopingana nalo.

Hapo ndipo gharama inapolipwa. Kati ya 1852 na 1978 ni miaka 126, chini ya marais kumi na mmoja, kuanzia Brigham Young hadi Kimball mwenyewe. Nalo tamko la 1890 huchapishwa pamoja na maneno ya Woodruff kwamba Bwana hatamruhusu kamwe Rais wa kanisa awapotoshe watu. Muumini anabaki na njia mbili. Anaweza kusema kwamba zuio lilikuwa mapenzi ya Mungu kwa sababu zisizojulikana, na wapo wengi wanaosema hivyo kwa unyenyekevu wa kweli. Lakini hapo anapaswa kueleza namna linavyoketi pamoja na 2 Nefi sura ya 26, katika Kitabu cha Mormoni, isemayo kwamba mweusi na mweupe, mtumwa na huru, mume na mke wote ni sawa mbele za Mungu. Au anaweza kusema kwamba lilikuwa kosa la wanadamu ambalo Mungu alilivumilia kisha akalisahihisha, na kwamba ahadi ya Woodruff ina maana finyu: kwamba nabii hatalipeleka kanisa zima nje ya njia ya wokovu, hata kama anaweza kukosea vibaya katika jambo zito kwa vizazi kadhaa. Kwangu njia ya pili ndiyo inayolingana na kumbukumbu za kihistoria. Inaokoa wema wa Mungu na inaokoa ufunuo unaoendelea, lakini inamwambia muumini kwamba neno la nabii wa leo linaweza kuwa miongoni mwa yale yatakayosahihishwa kesho. Kanisa la Kenya, lililosajiliwa mwaka 1991, likamtoa Joseph W. Sitati aliyeingia mwaka 2009 katika safu ya viongozi wakuu, na kuwekewa wakfu hekalu lake la Nairobi mwaka 2025, ni tunda la ufunuo wa 1978; haliwezi kuombwa lisahau kilichotangulia.

Kuna mabadiliko mengine ambayo hayana kelele, na kifalsafa ni magumu kuliko yote. Mafundisho na Maagano ya mwaka 1835 yalifunguliwa na mihadhara saba kuhusu imani, na wa tano miongoni mwake ulimweleza Baba kuwa nafsi ya roho, huku Mwana akiwa mwenye mwili. Mwaka 1843 Joseph Smith alifundisha kwamba Baba ana mwili wa nyama na mifupa unaoshikika kama wa mwanadamu, na mwaka uliofuata, miezi michache kabla ya kuuawa, akahubiri kwamba Mungu mwenyewe aliwahi kuwa kama sisi. Mihadhara ile ilibaki ndani ya kitabu hadi 1921, ilipoondolewa kwa maelezo kwamba haikuwahi kuwa ufunuo. Watetezi hunukuu 2 Nefi 28, kwamba Mungu hutoa mstari juu ya mstari, kanuni juu ya kanuni. Lakini mstari juu ya mstari ni picha ya kuongeza, na kumtoa Baba katika kuwa roho tu hadi kuwa na mifupa si kuongeza. Hapa hakuna aliyetangaza kwamba fundisho la zamani limetanguliwa. Jipya lilikaa kando ya la zamani mpaka la zamani likatolewa. Fundisho la Brigham Young kwamba Adamu ndiye Mungu wetu lilipita njia hiyohiyo ya kufifia, ila hilo angalau Kimball alilikataa hadharani mwaka 1976.

Kuna jambo moja, hata hivyo, linalowapa Wamormoni msingi imara kuliko wanavyoutumia. Sehemu ya kwanza ya Mafundisho na Maagano inasema kwamba amri zilitolewa kwa watumishi katika udhaifu wao, kwa namna ya lugha yao. Joseph Smith alilichukulia hilo kwa uzito: aliyahariri mafunuo yake kati ya toleo la 1833 na la 1835, hata kipawa cha mwandishi wake Oliver Cowdery cha kutumia fimbo kikageuka kuwa kipawa cha Haruni, na mwaka 1837 akabadilisha maneno ya Kitabu cha Mormoni, yule aliyeitwa mama wa Mungu akawa mama wa Mwana wa Mungu. Kwa anayeamini kwamba ufunuo ni maneno yaliyoshuka herufi kwa herufi, hiyo ni kashfa. Kwa anayeamini kwamba ni mwanga unaopokelewa na akili ya binadamu wa mahali na wakati fulani, marekebisho ni jambo la kutarajiwa. Tatizo ni kwamba mimbarini imani huhubiriwa mara nyingi kwa namna ya kwanza, na mabadiliko yakija hutetewa kwa namna ya pili.

Utaambiwa pia kwamba kilichobadilika kilikuwa sera, si fundisho. Jihadhari na jibu hilo. Mwezi Novemba 2015 kanisa liliweka kanuni iliyozuia watoto wa wazazi walio katika ndoa za jinsia moja kubatizwa bila masharti maalumu. Januari 2016 Russell M. Nelson, wakati huo mtume, aliieleza kuwa ilitokana na ufunuo kwa Rais. Aprili 2019, Nelson akiwa amekwisha kuwa Rais, ikaondolewa. Leo huitwa sera. Lakini kumbuka kwamba tamko la 1949 lilikanusha, kwa maneno yake yenyewe, kwamba zuio la ukuhani lilikuwa sera. Jina hilo hubandikwa baada ya jambo kuondoka, kwa hiyo haliwezi kumsaidia mtu anayetaka kujua mapema kipi kitaondoka.

Kipimo chenye nguvu zaidi kimo katika utaratibu wao wa mwanzo. Mwaka 1830 muumini mmoja, Hiram Page, alidai kupata mafunuo kwa jiwe lake, na jibu, ambalo ni sehemu ya 28, lilisema kwamba amri kwa kanisa zima zitakuja kupitia mmoja, na kwamba yote yafanyike kwa ridhaa ya pamoja. Matamko ya 1890 na 1978 yalipita lango hilo, yakaidhinishwa na waumini na kuingia katika maandiko. Zuio la 1852 halikupita: halikuandikwa kama ufunuo wala halikuletwa mbele ya waumini kupigiwa kura. Wala kanuni ya 2015 haikupita. Lango lenyewe halizuii kila kitu, maana ile mihadhara ya 1835 iliidhinishwa pamoja na kitabu kizima, na vivyo hivyo tamko la ndoa ya mke mmoja, ambalo mwaka 1876 liliondolewa na nafasi yake kuchukuliwa na sehemu ya 132. Hata hivyo, ningetegemea zaidi kilichopita hapo kuliko hotuba yoyote ya kiongozi mmoja.

Kanuni yenyewe haiamui mwelekeo wa mabadiliko, na jamaa wa kanisa hilo wanathibitisha. Vikundi vya msimamo mkali vilivyokataa tamko la 1890 hushikilia kwamba sheria ya milele haitanguliwi, na bado wana manabii wao. Jumuiya ya Kristo, tawi lililojipanga mwaka 1860 chini ya mtoto wa Joseph Smith na ambalo pia huongeza mafunuo katika kitabu chake, lilifungua ukuhani kwa wanawake kwa ufunuo wa mwaka 1984.

Kuhusu swali lako la mwisho: hakuna dhamana kwamba yote unayofundishwa yatadumu, na Makala ya Imani ya tisa haikukuahidi dhamana hiyo. Imani katika Kristo, toba, ubatizo na kipawa cha Roho Mtakatifu vimefundishwa bila kukatika tangu 1830. Taratibu za ibada na uongozi hubadilika bila mjadala. Mikutano ya Jumapili, kwa mfano, ilipunguzwa kutoka saa tatu hadi mbili mwaka 2019. Katikati ya hayo kuna mambo mengi, likiwamo tangazo kuhusu familia la mwaka 1995, ambalo lina uzito mkubwa lakini halijaingizwa katika maandiko. Waulize wamisionari wako, kwa heshima, swali hili moja: mnaposema nabii hawezi kuwapotosha watu, mnaielezaje ile miaka 126? Akikujibu mmoja kwamba Mungu ndiye aliyetaka iwe hivyo, mwombe asome nawe 2 Nefi 26 na dibaji ya mwaka 2013. Akikujibu kwamba manabii walikosea na Mungu akasahihisha, muulize anachofanya yeye mwenyewe anaposikia mafundisho ya leo ambayo dhamiri yake inayatilia shaka, kwa sababu hilo ndilo utakaloishi nalo ukibatizwa.